Birika la Ubatizo Lililojengwa Wakati wa Kipupwe

Walimu wenzetu wa vijiji vya jirani wametuuliza mara nyingi, wengine kwa barua, wengine kwa kufika wenyewe, ni kwa namna gani tulijenga birika la ubatizo uani, nyuma ya nyumba ya mwalimu, tena kwa zege, tena wakati wa baridi kali. Na kwa nini tuliliacha wiki nyingi bila kubatiza mtu ndani yake. Basi tumeona vema kuiandika habari hii yote mahali pamoja, ili kila nyumba iisome, na mwalimu atakaye kujenga apate kuhesabu gharama kabla ya kuchimba.

Kijiji chetu kipo katika nyanda za juu za Mbozi, kando ya njia kuu itokayo Vwawa kwenda Tunduma, mpakani mwa Zambia. Nchi hii ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya mpaka mwaka 2016, ulipotengwa Mkoa wa Songwe. Watu wa pwani hudhani kwamba sisi sote tulio chini ya jua la Afrika hatuijui baridi. Na waje huku mwezi wa Juni au Julai. Upepo mkavu huvuma tangu asubuhi, wazee hujifunika mablanketi hata saa tatu, na usiku joto hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 10. Hicho ndicho kipupwe chetu.

Katika kanisa letu mtu abatizwaye huzamishwa majini. Twajua kwamba ndugu zetu wa makanisa mengine humimina maji au hunyunyiza, wala hatuandiki ili kubishana nao. Kwa miaka mingi tulikwenda mtoni. Lakini mto wetu una tabia mbili, na zote mbili si njema. Wakati wa mvua hujaa, maji huwa mekundu kwa udongo na huvuta miguu ya mtu mzima. Wakati wa kiangazi hupungua mpaka Mchungaji hana mahali pa kumzamisha hata kijana mdogo, na katika vidimbwi vilivyosalia maji husimama, nayo maji yaliyosimama huweza kuleta kichocho. Kwa sababu hiyo wazee wa kanisa walikubaliana tujenge birika.

Wengine waliuliza, Kwa nini msingoje joto la Oktoba? Jibu ni rahisi. Kujenga shimoni wakati wa mvua ni kupigana na maji, na Oktoba mvua i karibu. Wakati wa kipupwe ardhi ni kavu, kuta za shimo hazibomoki, lori la mchanga hupita bila kukwama, mahindi yamekwisha vunwa, na fedha ya kahawa imeanza kuingia. Basi mkulima hana majira mengine ya kujenga. Baridi ni sehemu ya majira hayo, nasi yatupasa kujua namna ya kuishi nayo.

Kabla hatujachimba, akina mama walileta neno lao, nalo lilikuwa neno zito. Tulipanga birika lenye urefu wa meta 3 na upana wa meta 2, na maji yake yafike kina cha meta 1. Hayo ni lita 6,000, yaani ndoo 300 za lita 20. Mama mmoja alisimama katika baraza akasema, "Mwalimu, ninyi wanaume mwahesabu saruji. Sisi twahesabu ndoo. Huko Tunduma watu hununua maji, na hapa kwetu bomba hutoka kwa zamu. Je, Mungu apendezwa na maji mengi yaliyosimama, na mtoto wangu anakwenda shuleni bila kunawa?"

Hatukumjibu upesi, maana hakuna mwenye haki ya kumjibu upesi mtu anayebeba ndoo kichwani. Baraza lilikaa juu ya neno hilo jioni mbili. Mwisho tulipatana mambo matatu. La kwanza, birika lisijazwe ila wakati wa ubatizo, mara moja au mbili kwa mwaka. La pili, kila anayejiandaa kubatizwa, pamoja na jamaa yake, alete ndoo zake mwenyewe kidogo kidogo kwa siku kadhaa, ili bomba lisielemewe. Darasa lilikuwa na watu 20. Basi ilikuwa ndoo 15 kwa kila mmoja. La tatu, baada ya ibada maji yale yasimwagwe, bali yanyweshee miche ya kahawa na bustani za mboga za wajane. Yule mama akasema, "Hapo sasa nitabeba." Tena yeye ndiye aliyeongeza la nne, kwamba birika liwe na kifuniko cha mbao chenye kufuli, na uzio kulizunguka. Vijana wetu walikuwa wameanza kufurahi kwamba watapata mahali pa kuogelea. Lakini maji ya meta moja yatosha kumchukua mtoto mdogo bila mtu kusikia kelele. Mwalimu atakayejenga birika bila kifuniko, heri asijenge.

Sasa tuseme habari za kazi yenyewe. Sakafu na kuta zote zina unene wa sentimeta 15, na ndani yake tulifunga nondo za milimita 12, zilizopishana kila sentimeta 20 kwenda na kurudi. Tuliziinua juu ya vijiwe vya zege, zisiguse udongo, kwa maana nondo iguswayo na unyevu wa ardhi hushika kutu, na kutu huvimba na kupasua zege. Kipimo cha zege kilikuwa ndoo moja ya saruji, moja na nusu ya mchanga, na tatu za kokoto. Kwa kipimo hicho meta moja ya ujazo hula karibu mifuko 8 ya kilo 50. Sakafu, kuta na ngazi zilikula mifuko 27, na lipu ya ndani pamoja na zege jepesi la chini vikala 7, jumla 34. Kokoto ziligongwa kwa nyundo na akina mama na wazee, nazo zikaoshwa, kwa sababu kokoto yenye udongo haishikani na saruji.

Fundi mwashi tuliyempata alikuwa mtu hodari, lakini vibarua wake walikuwa na desturi ya kuongeza maji ili zege liwe laini na koleo liende upesi. Tuliwazuia. Kwa mfuko mmoja wa saruji, lita 25 za maji zatosha, tena upunguze ukiwa mchanga una unyevu. Maji yanayozidi hayapati kazi ndani ya zege. Hutoka baadaye, na mahali yalipokuwa hubaki vitundu. Kwa nyumba, vitundu ni udhaifu. Kwa birika, vitundu ni njia ya maji kupotelea ardhini.

Hapa ndipo lipo jambo ambalo twapenda kila msomaji alishike. Watu wengi hudhani kwamba zege hukauka, kama yanavyokauka matofali ya udongo yaliyoanikwa juani. Sivyo. Saruji hushikana na maji, na maji yale huingia ndani yake na kuwa sehemu ya jiwe. Zege likinyimwa maji kabla ya wakati wake, kazi ile hukoma katikati, na jiwe hubaki lenye vumbi na nyufa. Zege hugeuka kuwa jiwe hata likiwa chini ya maji. Herode alipojenga bandari ya Kaisaria, miaka ishirini na kitu kabla ya Kristo kuzaliwa, mafundi wake walitumia chokaa na majivu ya mlima wa moto yaliyoletwa kwa merikebu kutoka Italia, wakalimwaga zege lao baharini, nalo likashika humo humo ndani ya maji. Ni mji ule ule ambamo Kornelio akida alibatizwa na watu wa nyumba yake.

Basi zege lataka maji. Tena lataka joto. Penye nyuzi 20 kazi yake huenda vizuri. Zikishuka mpaka 10, nguvu huja kwa mwendo wa kama nusu yake. Zikishuka chini ya 5, kazi karibu husimama. Na maji yakiganda kuwa barafu ndani ya zege bichi, huliharibu kabisa. Kwetu maji hayakuganda, lakini kipimajoto tulichokitundika uani kilionyesha nyuzi 7 alfajiri moja, na 8 siku nyingi.

Tulifanya hivi. Hatukuanza kuchanganya kabla ya saa nne, jua lilipokuwa limekwisha pasha mchanga na kokoto, na kila siku tulimaliza kumwaga kabla ya saa tisa. Maji ya kuchanganyia tuliyapasha moto mpaka yakawa vuguvugu, si ya kuchemka. Jioni tulifunika kila kitu kwa magunia yaliyoloweshwa, juu yake turubai, juu ya turubai majani makavu kwa unene wa mkono. Kijana mmoja alitaka kuwasha moto wa magogo shimoni usiku. Tulimkataza, maana moto hukausha upande mmoja na kuacha mwingine baridi, na zege huchanika. Mtu mwingine alishauri tutie chumvi ili lishike haraka. Hilo nalo tulilikataa, kwa kuwa chumvi hula nondo. Na kila asubuhi, baada ya jua kupata nguvu, watoto wa shule ya Jumapili walimwagilia magunia. Penye joto watu humwagilia siku 7. Sisi tulimwagilia siku 21.

Kungoja huko kulileta maneno. Mzee mmoja alikuwa ametuazima mbao za kushikilia kuta, nazo zilikuwa mbao za meza zake za kuanikia kahawa. Kahawa yake ikaiva, naye akazitaka baada ya siku mbili. Haki yake ilikuwa wazi. Lakini kuta zilikuwa bado changa. Ukucha wa kidole uliacha alama. Tulikwenda kwake jioni, tukaketi motoni, tukamweleza. Tulimkumbusha Kanisa Kuu la Mkunazini huko Unguja, ambalo Askofu Edward Steere alilijenga mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Paa lake limepindwa kama nusu ya pipa lililolazwa, nalo limefanywa kwa matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji. Yasimuliwa kwamba wengi walinena paa lile litaanguka mbao za chini zikiondolewa. Lasimama hata leo. Mzee akacheka, akasema, "Mwalimu, Askofu huyo hakuwa na kahawa yangu." Hata hivyo alitupa siku nne zaidi, na wanawe wakaanika kahawa juu ya mikeka. Twaandika haya kwa heshima yake, maana katika majengo ya kanisa watu husifu waliotoa fedha, na kuwasahau waliotoa siku.

Lakini neno lililotusumbua kuliko yote lilikuwa jingine. Mchungaji alikuwa ameahidi kuja Jumapili ya kwanza ya Julai, na tarehe hiyo ilikuwa imekwisha tangazwa. Miongoni mwa wale 20 alikuwamo bibi mmoja mzee, mkubwa kuliko wote darasani, aliyejifunza miaka miwili akishikwa mkono na wajukuu wake. Kipupwe kilipoingia kifua kilimbana, na kwa wiki tatu hakutoka ndani. Alikuwa ameingoja siku ile kuliko sisi sote. Kuta za birika zilikuwa na siku 12 tu, na lipu ilikuwa haijapigwa. Baadhi ya wazee wakasema, Tujaze maji nusu tu, tubatize, kisha fundi aendelee. Bibi huyu hawezi kungoja. Fundi akatikisa kichwa. Nasi tulijua kwamba hata kama kuta zingesimama, hakuna mtu wa kifua kile anayeingizwa katika maji ya nyuzi 10.

Tulimwendea bibi mwenyewe, tukamwambia yote bila kuficha. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, baridi ya maji siiogopi. Naogopa kwenda bila jina." Maneno hayo tuliyachukua kama yalivyo, tukampelekea Mchungaji.

Mchungaji alikuja siku ile ile aliyoahidi. Aliwaambia wazee kwamba Kanisa lilikwisha fikiri habari ya maji baridi zamani sana. Kipo kitabu kidogo cha siku za kwanza za Kanisa kiitwacho Didakhe, yaani Mafundisho ya Mitume, kilichopotea karne nyingi mpaka mtaalamu wa Kigiriki Philotheos Bryennios alipokiona huko Konstantinopoli mwaka 1873, akakichapisha mwaka 1883. Humo waamini wa kwanza waliagizwa kubatiza katika maji yatiririkayo. Yakikosekana, katika maji mengine. Na asiyeweza kutumia ya baridi, atumie ya moto. Na pasipo na maji ya kutosha, amimine kichwani mara tatu. Basi alasiri ile maji yalipashwa katika sufuria ya nyumba ile, na bibi akabatizwa akiwa ameketi kitandani, kwa bakuli, mbele ya wajukuu wake na darasa zima lililosimama mlangoni mpaka uani. Wale 19 waliambiwa wangoje. Hakuna aliyenung'unika siku hiyo.

Siku 11 baadaye bibi alilala katika Bwana. Tulimzika kwa jina lake jipya. Mtu mmoja alituuliza makaburini kwa sauti ndogo kama ubatizo wake ulikuwa kamili, kwa vile hakuzamishwa. Tulimwambia kwamba birika ni letu, ubatizo ni wa Bwana; na kama maji ya bakuli hayakumtosha yeye, hata ndoo 300 hazitatutosha sisi.

Lipu ilipigwa katikati ya Julai kwa saruji moja na mchanga laini mara tatu, nayo tukaifunika na kuinywesha siku 14 nyingine. Ndipo majirani walipoanza kuleta maji, na tulijaza polepole kwa siku tatu ili kuta zipokee uzito kidogo kidogo. Ili kujua kama birika linavuja, tulifanya jambo dogo ambalo kila mwalimu aweza kulifanya. Tuliweka ndoo iliyojaa maji juu ya ngazi ya birika, tukaichora alama kwa ndani, na ukutani mwa birika tukachora alama nyingine. Jua na upepo hupunguza maji yote mawili sawasawa; maji ya birika yakishuka kuliko ya ndoo, pana tundu. Kwa siku mbili alama zilishuka pamoja, upana wa kidole kisichotimia. Fundi alivua kofia.

Ndoo zilihesabiwa na katibu wa kanisa katika daftari. Wale 19 walileta 285. Jioni ya mwisho walifika wajukuu wa bibi, wanne, mkubwa ana miaka 13, kila mmoja na ndoo kichwani, wakarudi bombani tena na tena mpaka wakatimiza 15. Hatukuwa tumewaagiza. Katibu aliuliza aandike jina gani, na yule mkubwa akataja jina la ubatizo la bibi yake. Limeandikwa.

Jumapili ya pili ya Agosti wale 19 walibatizwa. Maji yalikuwa baridi bado, ingawa tuliongeza mapipa mawili ya maji ya moto alfajiri, na kila aliyetoka alipokelewa kwa blanketi na kikombe cha uji. Jumatatu maji yale yalikwenda kwenye miche ya kahawa na bustani, na kifuniko kikafungwa.

Ninyi walimu wenzetu, na ninyi wazazi, mmeona kwamba hatukuandika haya kwa ajili ya saruji peke yake. Wahandisi wanatufundisha kwamba zege lililokomaa polepole katika ubaridi, likifunikwa na kunyweshwa, mwisho wake laweza kuwa na nguvu kuliko lililoharakishwa kwa joto. Katika madarasa yetu wapo watu ambao hushika neno polepole, na katika nyumba zetu wapo watoto ambao mwaka wa kwanza wa imani yao ni kipupwe kitupu. Tusiwawashie moto wa makaripio, wala tusiwaondolee mbao mapema kwa sababu tarehe imetangazwa. Wafunikwe, wanyweshwe kila asubuhi, wahesabiwe siku. Na akitokea kati yao mmoja asiyeweza kungoja, pasheni maji mmwendee nyumbani kwake. Msimwache nje kwa ajili ya jengo.

Kwa atakayetaka vipimo zaidi, mlango wetu u wazi, na fundi yupo. Aje kabla ya mvua. Mungu azibariki nyumba zenu, na awatunze wazee wenu katika baridi hii. Amina.